Maswali ya wasomaji: Mjamzito anywe nini? Chai, kahawa, enaji na zile chupa za mizizi

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba mjamzito apunguze kahawa, basi meseji zilizoingia baada ya hapo si za kawaida. Nimechagua hizi za leo kwa sababu zimebeba na za wengine, ukiona swali lako halipo soma la mwenzako, huenda mnakunywa kitu kimoja. Majina nimeyaficha.

SWALI: Shikamoo dada mkunga. Niko Tabata, nafanya kazi ya kupokea simu za wateja, shifti za usiku. Mimba ina wiki 10. Nikifika kazini nakunywa kahawa kikombe kikubwa, saa sita usiku kopo la enaji, asubuhi kabla sijalala chai ya maziwa. Mwenzangu mmoja anasema naua mtoto, mwingine anasema bibi yake alikunywa kahawa maisha yake yote na kazaa kumi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Hao wawili waache kwanza tupige hesabu, maana kafeini, ile ya kuchangamsha iliyomo kwenye kahawa, chai na enaji, ni kitu cha kuhesabika. Kikombe kikubwa cha kahawa ile ya kukoroga kina kama miligramu 100. Kopo dogo la enaji la mililita 250, aina ya Red Bull, lina 80. Kikombe kikubwa cha chai ni kama 75. Jumla 255, na hapo sijagusa soda ya kola ambayo chupa ya mililita 350 inakuongezea kama 35 hivi, wala chokoleti.

Sasa 255 ni nyingi au ya kawaida? Hapo ndo watu wanapochanganyana, kwa sababu vipo viwango viwili. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa 2016 linasema anayezidi 300 kwa siku apunguze. Waingereza, madaktari wa uzazi wa Marekani tangu 2010 na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya tangu 2015 wao wanaishia 200. Mimi nikiulizwa nasema 200, sababu vikombe vya nyumbani kwetu havina kipimo, mtu anakwambia naweka kijiko kimoja tu cha kahawa kumbe kijiko chenyewe ni cha chakula na kimejaa mlima. Kuna mtafiti mmoja 2020 alipitia tafiti za nyuma akatoka anasema bora mjamzito aache kabisa, ikazua ubishi mkubwa, ila wenye viwango vyao hawakuvibadilisha.

Sababu ya kuweka kiwango ni kwamba kafeini inavuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, na ini lake bado halijaweza kuivunja. Na wewe mwenyewe unaichelewesha. Kwa mtu wa kawaida inapungua nusu ndani ya masaa kama 5, kwa mjamzito wa miezi ya mwisho inaweza kwenda mpaka 15, kwahiyo ile kahawa ya saa mbili usiku bado iko kwenye damu wakati unakunywa chai ya asubuhi, zinapandiana. Tafiti zimeona wanaokunywa nyingi wanapata watoto wenye uzito mdogo mara nyingi zaidi, na mimba kuharibika nako kunatajwa. Ni uhusiano uliopimwa kwa wanawake wengi, hakuna anayeweza kukuambia kikombe fulani cha Jumanne ndo kimefanya kitu, so yule anayekwambia unaua mtoto mwambie apumzike.

Na yule bibi. Kama ni bibi wa pwani basi alikuwa anakunywa kahawa chungu ya vile vikombe vidogo vya kauri, viwili vitatu na kashata, hiyo si sawa na magi yako. Kama ni wa Bukoba na alikuwa anatafuna kahawa zake basi hapo ndo kwenye moto, maana kahawa ya Bukoba nyingi ni robusta na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Halafu watoto kumi tunawahesabu waliopo, mimba zilizotoka hakuna aliyeziandika.

Cha kufanya: toa enaji, utabaki na 175, uko salama na kazi yako inaendelea. Enaji ndo naikataa kwanza kwa sababu mbali na kafeini kopo moja la 250 lina sukari kama vijiko sita vya chai, na kule Ulaya sheria inawalazimisha waandike kwenye kopo kwamba haifai kwa watoto na wajawazito. Zile za chupa za plastiki za bei ya chini zinatofautiana sana, geuza chupa usome, ikiandikwa miligramu 30 kwa kila mililita 100 na chupa ni 300 basi umekunywa 90. Ikiwa haijaandikwa kabisa achana nayo. Saa sita usiku beba uji kwenye chupa ya chai, usingizi wa saa hiyo mara nyingi ni njaa na kiu.

SWALI: Shikamoo mama. Niko Tukuyu, huku chai ndo maji. Mimba miezi 6. Nilipima wingi wa damu ikawa 10.2 nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nimemeza mwezi mzima nimerudi ni 9.8. Nesi kanigombeza mbele za watu anasema natupa vidonge. Naapa nameza kila asubuhi na chai ya rangi na andazi. Mama mkwe ananichemshia maji ya matembele na jirani kaniletea rozela. Tatizo ni nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi nakuamini, na nadhani mwizi wako yupo mezani, ni hiyo chai.

Majani ya chai yana vitu ambavyo vikikutana tumboni na madini ya chuma vinashikana nayo, mwili unashindwa kuyachukua, yanapita yanaenda chooni. Chai ikinywewa pamoja na mlo inaweza kupunguza chuma unachopata kutoka kwenye mlo huo kwa zaidi ya nusu, kahawa nayo inapunguza ingawa si sana kama chai. Na chai ya Tukuyu naijua jinsi inavyochemshwa, inawekwa majani inaachwa jikoni mpaka iwe nyeusi, hiyo ndo kali zaidi. Kwahiyo wewe umemeza vidonge kweli, ila umevimeza na kitu kinachovifunga.

Hamisha tu ratiba. Kidonge meza usiku kabla ya kulala, kwa maji, masaa mawili hivi baada ya kula, na ukipata nusu glasi ya maji ya chungwa au limao ndo vizuri zaidi maana vitamini C inasaidia chuma kuingia. Kulala nacho kunasaidia hata ile kichefuchefu. Chai yako endelea nayo lakini iwe saa moja au zaidi mbali na chakula na mbali na kidonge, saa nne hivi asubuhi kunywa kikombe chako kwa amani. Maziwa nayo yasiwe pamoja na kidonge, na kama umepewa vidonge vya kalsiamu visimezwe wakati mmoja na vya damu. Choo kitakuwa cheusi, usiogope, ni chuma hicho.

Halafu usidhani damu inapanda kwa siku tatu. Ukimeza vizuri mabadiliko yanaanza kuonekana wiki ya 2 hadi ya 4. Pia ujue mwezi wa sita ni kipindi ambacho maji ya damu yanaongezeka kuliko chembe zenyewe, kila mjamzito kipimo chake kinashuka kidogo, ndo maana kuwa chini ya 11 kunaangaliwa lakini hakuna haja ya kupiga yowe kwa 9.8. Ikishuka kuelekea 7 hapo ni hospitali na si ratiba ya chai. Kuna wezi wengine pia, malaria na minyoo, muulize nesi kama umepata dawa ya minyoo na ile SP ya kukinga malaria.

Kuhusu matembele, mama mkwe anafanya jambo la upendo ila anakupa maji anamwaga mboga. Kula mboga yenyewe, iive kidogo tu, kamulia limao, weka na dagaa au kipande cha nyama. Chuma cha majani kinaingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama, kwahiyo hata ukinywa jagi zima hakifiki mahali kidonge kinafika.

Rozela, wengine wanaiita choya, hii nataka wote msome. Watu wanaamini inaongeza damu kwa sababu ni nyekundu. Ule wekundu ni rangi ya ua tu, hauna uhusiano wowote na damu yako. Chuma chake ni kidogo, inashusha presha kwa kiasi fulani, na vitabu vingi vya mitishamba vinamwambia mjamzito aiepuke kwa sababu toka zamani imetumika kuleta hedhi. Glasi moja uliyokunywa harusini haikufanyi chochote, ila jagi kila siku kama dawa ya damu, hapana. Bitiruti ni chakula, kunywa ukipenda, mkojo ukiwa mwekundu usikimbilie hospitali. Na wale mnaochemsha majani ya mparachichi, jamani, majani hayo yana sumu inayojulikana kudhuru mbuzi na ng'ombe, mnampa mjamzito ya nini?

SWALI: Dada mkunga habari za kazi. Mimi ni mume, niko Arusha. Mke wangu ana mimba ya miezi 7, alisoma gazeti lenu akaacha kahawa siku hiyo hiyo, alikuwa mnywaji kweli kweli. Toka juzi kichwa kinamuuma sana, namnunulia Panadol Extra duka la dawa, kinapoa kinarudi. Tumfanyeje?

JIBU: Shemeji, nzuri. Kabla hujamaliza kusoma hili jibu mpeleke akapimwe presha na mkojo, leo, si kesho. Mjamzito aliyevuka wiki 20 akiumwa kichwa kikali kinachorudi rudi, hatuanzi kuongea habari za kahawa, tunaanza na presha, kwa sababu hivyo ndivyo kifafa cha mimba kinavyobisha hodi. Na kama anaona nyota nyota au ukungu, au uso na mikono imevimba, au anaumwa chini ya kifua upande wa kulia, hapo ni kukimbia hata kama ni saa nane usiku.

Presha ikiwa safi ndo turudi kwenye kahawa. Aliyezoea kafeini akiikata ghafla kichwa kinaanza kuuma ndani ya siku moja, siku ya pili ndo kibaya zaidi, na inaweza kuendelea mpaka kama wiki. Ni mateso lakini kinaisha. Ndo maana mnywaji mkubwa tunamwambia ashuke ngazi kwa ngazi, vikombe vinne viwe vitatu, kijiko kiwe nusu, baada ya wiki vipungue tena.

Sasa kwenye hiyo Panadol Extra kuna kitu hukuambiwa dukani. Kila kidonge kina paracetamol 500 na kafeini miligramu 65. Akimeza viwili amekunywa 130, ni zaidi ya kikombe kikubwa cha kahawa ya kukoroga. Mama wa watu ameacha kahawa, wewe unamrudishia kwa kidonge, na kinapoa kwa sababu kiu ya kafeini imetulizwa! Mjamzito akihitaji dawa ya kichwa ni paracetamol tupu, ile ya kawaida, kwa muda mfupi. Na zipo dawa za maumivu za dukani zenye aspirini na kafeini ndani yake, hizo msinunue bila kumuuliza mtaalamu.

SWALI: Mimi wa Tanga. Natapika toka asubuhi mpaka jioni, miezi miwili na nusu. Kitu pekee kinachokaa ni chai ya tangawizi na mchaichai. Nimesikia tangawizi inatoa mimba, ni kweli?

JIBU: Si kweli, kwa kiasi cha chai. Tangawizi ni moja ya vitu vichache vya jikoni ambavyo hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umevitaja kwa kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Tafiti nyingi zimetumia kama gramu 1 ya unga kwa siku, hiyo ni kama nusu kijiko cha chai, au kipande kidogo kibichi cha kukwangua kikombe kimoja au viwili. Wewe usiende mbali zaidi ya hapo, zile shoti za tangawizi za kukamua mpaka koo linawaka achana nazo, na kama unatumia dawa ya kufanya damu isigande mwambie daktari kwanza.

Mchaichai kwa kikombe ni sawa, hauna kafeini, usiukoleze tu ukawa kama dawa. Iliki, mdalasini kidogo, karafuu mbili kwenye chai ya viungo, hivyo ni chakula, kunywa. Ninachoogopa kwako ni kitu kingine: kama maji yenyewe hayakai siku nzima, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, unaona kizunguzungu ukisimama na nguo zinapwaya, hapo tangawizi haitoshi, unahitaji dripu.

SWALI: Shikamoo mama mkunga, naomba usitaje wilaya yangu, niko mkoa wa Shinyanga. Mimba wiki 37, ni ya pili, ya kwanza nilifanyiwa operesheni. Mama mkwe kaleta chupa ya maji ya mizizi, rangi kama chai. Anasema nianze vijiko viwili asubuhi na jioni njia ilainike, uchungu ukianza ninywe yote iliyobaki ili nisipasuliwe tena. Wifi zangu wote wamekunywa. Nikikataa naonekana mjeuri, mume anasema mama anajua.

JIBU: Marahaba binti yangu. Usinywe. Ningekuambia hivyo hata kama hujawahi kufanyiwa operesheni, lakini wewe mwenye kovu nakuambia mara mbili.

Watu wanategemea mtu wa hospitali aseme hizo dawa hazifanyi kazi. Tatizo ni kwamba baadhi zinafanya, tena vizuri mno. Ziko dawa za miti ambazo kweli zinabana kizazi, na si huku kwetu tu, Malawi, Zambia na Uganda nako wanawake wanakunywa za kwao. Lakini angalia tofauti. Pale leba tukimwongezea mtu uchungu, dawa inapita kwenye dripu kwa matone yanayohesabiwa, nesi anashika tumbo, anasikiliza moyo wa mtoto, akiona uchungu unakuja bila kupumzika anafunga dripu na baada ya dakika chache inapoa. Chupa ya mama mkwe ukishaimeza nani atafunga? Hakuna anayejua mizizi mingapi, ilichemka muda gani, ya mwaka jana au ya wiki hii. Kizazi kinabana kinabana bila kuachia, mtoto hapati hewa, anajinyea tumboni, na kwa mwenye kovu kizazi kinaweza kuchanika pale pale penye mshono. Kikichanika mtoto ana dakika chache tu, na mama anavuja damu kwa ndani, wengine wanaondolewa kizazi ndo wapone.

Kuna baya lingine linatokea kimya kimya. Mama amekunywa nyumbani, anafika hatuambii, anaogopa kugombezwa. Tunaona uchungu wa ajabu ajabu hatujui chanzo, au unapungua kidogo tunamwekea na dripu juu yake, zinakutana mbili. Kwahiyo yeyote anayesoma hapa na ameshakunywa, ukifika tu mlangoni sema: nimekunywa dawa ya mizizi, saa fulani, kiasi fulani. Wapo manesi wenye midomo, nawajua, utasemwa. Semwa uishi.

Mama mkwe sasa. Huyu mama hataki ubaya, aliona ulivyopasuliwa mara ya kwanza akaumia, na huko kwao chupa hiyo ndo heshima anayompa mkamwana. Usimwambie dawa yake ni ya kishenzi. Ipokee kwa mikono miwili, sema asante mama, ila mimi nina mshono na kliniki wamenikataza chochote cha uchungu, naomba Alhamisi unisindikize ukamuulize nesi mwenyewe. Mara nyingi wakifika wakaelezwa habari ya kovu wanaelewa kuliko sisi tunavyodhani, tena wanageuka kuwa walinzi wenu wakubwa. Mume mpe kazi ya kutafuta usafiri, maana wewe hutakiwi kujifungulia nyumbani wala zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Muulize daktari wiki hii hii kama unaweza kujaribu kawaida au umepangiwa operesheni, wapo wanaojifungua kawaida baada ya operesheni moja, ila hilo linaamuliwa na kovu lako lilivyo na sababu ya kupasuliwa mara ya kwanza, wala halihusiani na chupa.

Na yule atakayesema mganga wetu amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala: vizuri, ila usajili wa mganga haumaanishi chupa hii imepimwa kwa mjamzito mwenye mshono. Mafuta ya nyonyo ni hayo hayo, yanaharisha, yanakukausha maji, na uchungu unakuja usio na mpangilio.

SWALI: Assalaam alaykum bibie. Naandika kutoka Muscat, asili yetu Unguja. Nina miezi 5. Mama ananisisitiza niloweke uwatu ninywe kila siku kuanzia sasa maziwa yaje mengi, na mafuta ya habasoda kijiko kila asubuhi. Na hapa kazini chai ya karak haikatiki.

JIBU: Wa alaykum salaam. Uwatu kwenye mchuzi au kwenye mkate hauna neno. Glasi ya kuloweka kila siku ukiwa na mimba sikushauri, kwa wingi unashusha sukari na unaweza kuchokoza kizazi. Na kuna jambo dogo la kushangaza, mama akinywa sana uwatu karibu na kujifungua mtoto anaweza kutoka na harufu tamu tamu mwilini na kwenye mkojo, na upo ugonjwa wa kurithi wa watoto wachanga wenye harufu kama hiyo, basi madaktari wanashtuka wanaanza kumtoa mtoto damu za vipimo bure. Ukishajifungua zungumzeni upya habari ya uwatu, ila ushahidi wake kwenye maziwa ni mdogo, kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, usiku na mchana.

Habasoda, hadithi yake naijua na naiheshimu, nyunyiza kwenye mkate ule. Mafuta yake kwa kijiko kila siku ni dozi kubwa ambayo haijapimwa vya kutosha kwa wajawazito, subiri.

Karak ndo inanitia wasiwasi kuliko vyote hivyo, kwa sababu hakuna anayeihesabu. Kikombe chake cha karatasi ni kidogo lakini majani yamechemka na maziwa muda mrefu na sukari humo haina mfano, vikombe vitano kwa siku unakuwa umegusa mpaka wa kafeini bila kuonja kahawa. Bakisha viwili, omba sukari kidogo, na kipimo cha sukari cha kati ya wiki 24 na 28 usikikwepe.

SWALI: Niko Ifakara. Mimba miezi 4, nina homa na viungo vinauma. Bibi kanichemshia mwarobaini na pakanga, anasema hospitali watanipa hivyo hivyo ila vya kiwandani.

JIBU: Bibi ana ukweli kidogo, dawa ya malaria ya siku hizi asili yake ni mmea wa jamii ya hiyo pakanga. Lakini kwenye sufuria hujui umepata kiasi gani, na ukipata pungufu vimelea vinabaki vinajificha kwenye kondo la nyuma, wewe unaona homa imeshuka, mtoto anakosa chakula. Ndo maana 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi halishauri chai za mmea huo kwa malaria. Mwarobaini nao kwa wanyama umeonekana kuharibu mimba. Nenda ukapime leo, ikiwa malaria utapewa dawa mseto, ambayo tangu 2022 imekubaliwa hata kwa mimba ya miezi mitatu ya mwanzo, seuze yako ya minne.

SWALI: Vidonge vya damu vimenifunga choo siku ya nne leo. Dukani wameniuzia sanamaki, na rafiki ana ile chai ya kupunguza tumbo. Ipi nzuri? (Mwanza)

JIBU: Mara nyingi ni kitu kimoja, hizo chai za kupunguza tumbo nyingi ndani zina sanamaki. Daktari anaweza kukupa ya vidonge yenye kipimo, majani ya kuchemsha kwa makisio hapana, utaharisha mpaka tumbo libane. Shubiri nayo usinywe. Ongeza maji, papai lililoiva, mboga za majani, dona badala ya sembe, tembea jioni, ikishindikana mwambie nesi akupe dawa ya kulainisha choo. Vidonge vya damu usiache.

SWALI: Huku Iringa tunaambiwa ulanzi wa asubuhi, ule mtamu bado, si pombe na unaongeza nguvu kwa mjamzito. Naruhusiwa?

JIBU: Ulanzi unaanza kuchacha ukiwa bado unadondoka kwenye mwanzi, ukiushusha asubuhi tayari kuna pombe ndani, ni ndogo tu kuliko ya jioni. Na kiasi cha pombe kilicho salama kwa mimba hakijulikani. Halafu haujachemshwa, wadudu na vumbi vyote vimo. Nguvu tafuta kwenye uji wa ulezi na maziwa. Togwa ya siku hiyo hiyo iliyopikwa vizuri kunywa, ya jana iliyoanza kutoa povu wape wengine.